Mtoto Niliyemchukua Bila Kuwatafuta wa Kwao

Nilimlea mtoto wa watu hapa Chemchem, Tabora, kwa miaka mingi bila afisa ustawi wa jamii hata mmoja kujua kwamba yupo. Siwezi kusema sikujua. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, ofisi za manispaa nazifahamu, na baadhi ya wanaokaa humo niliwafundisha kusoma. Mtaa mzima unaniita Mwalimu, na heshima hiyo ndiyo iliyonifunika: hakuna aliyethubutu kunihoji. Naandika kwa sababu nawaona wengine mjini kwetu wakifanya nilivyofanya, tena kwa nia njema, na wakisifiwa kama nilivyosifiwa.

Mama yake alikuwa mpangaji wangu. Alishuka kwenye treni itokayo Kigoma, mtoto mgongoni na ndoo ya nguo mkononi, akachukua chumba cha uani na kuanza kukaanga vitumbua alfajiri. Kwao, alisema, ni Kaliua, "huko ndani", na hakupenda kuulizwa zaidi. Masika yaliyofuata aliugua, akalazwa, hakurudi. Majirani tulichanga sanda tukamzika. Usiku ule mtoto alilala kitandani kwangu. Alikuwa hajatimiza miaka minne.

Marehemu aliacha simu ya kitochi, na ungamo langu linaanzia kwenye simu hiyo. Ndani yake mlikuwa na majina machache. Nilipiga lililoandikwa "Mama", haikupatikana. Nilipiga lililoandikwa "Kaka", ikaita mpaka ikakata. Nikaiweka kabatini juu ya mashuka. Chaji ilipokwisha, sikuichaji. Majirani niliwaambia nimepiga na hakuna anayepokea. Ulikuwa ukweli wa mara moja, nami nikautumia kwa miaka. Nilikuwa mjane. Wanangu walishahamia Dodoma na Mwanza, nyumba imebaki na sauti ya redio. Mtoto yule alikuwa akinifuata kila chumba, ameshika pindo la kanga yangu. Nilimtaka. Nilipokuwa napiga ile simu, moyoni nilikuwa naomba isipokelewe.

Mwenyekiti wa mtaa alinijia siku chache baada ya matanga. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "fika basi kata, uonane na ustawi, wajue mtoto yuko kwako." Nikamjibu kwamba mtoto si mkopo hata ajaziwe fomu. Akanyamaza. Angekuwa anaongea na mama ntilie wa sokoni, nadhani asingenyamaza.

Habari za sheria nilikuwa nazo, na nilizisoma kwa jicho la mtu aliyekosewa heshima. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inamtaja mtu anayefaa kukaa na mtoto asiye ndugu yake: awe mtu mzima, mwenye akili timamu, mwenye maadili mema na uadilifu, awe na uwezo wa kumtunza mtoto, na awe amethibitishwa na afisa ustawi wa jamii kwamba nyumba yake inaweza kumlea. Siku hizi watu wa aina hii huitwa walezi wa kuaminika, nao ndio hupokea mtoto usiku, wakati bado haijajulikana atakwenda wapi. Malezi ya kambo, ambayo yana kanuni zake za mwaka 2012, huenda mbali zaidi ya hapo. Mwombaji hupeleka maombi, afisa huja nyumbani kuangalia na kuhoji, taarifa huandikwa, na hata mtoto akishakabidhiwa afisa huendelea kumfuatilia. Mimi niliishia kwenye neno "amethibitishwa". Nani anithibitishe mimi? Kijana niliyemfundisha herufi aje kunikagua jikoni?

Kulikuwa na hofu nyingine, na hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitaja mbele za watu kwa sababu ilisikika vizuri. Mimi ni Mwislamu, na Tabora ni mji wa misikiti ya zamani. Jambo la nasaba halichezewi. Nilisema nikienda serikalini watamfanya mtoto wangu wa karatasi, watafuta ukoo wake. Nilikuwa nachanganya mambo mawili, na mwalimu hana udhuru wa kuyachanganya. Linaloufunga ukoo wa mtoto ni kuasili. Kuasili hutolewa kwa amri ya mahakama, na masharti yake ni mazito: mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, au, kama ni ndugu wa mtoto, awe na miaka 21, na raia wa kigeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Malezi ya kambo hayafiki huko. Mtoto hubaki wa kwao, kwa jina lake na ukoo wake, na mlezi hubeba dhamana ya kumtunza tu. Ndiyo kafala tunayoisoma madrasani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na majirani zetu wa Kenya wameiingiza katika sheria yao ya watoto ya mwaka 2022. Ofisi niliyoikimbia kwa kisingizio cha dini ilikuwa inadai jambo lilelile ambalo dini yangu inadai.

Kisha nikafanya kwa mkono wangu kile nilichosema naikimbia serikali ili kisifanyike. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza, mwalimu wa zamu, ambaye alinifahamu, aliuliza jina la baba. Nikatoa la marehemu mume wangu. Lilitoka upesi, kana kwamba lilikuwa linasubiri. Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao, na aya hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu nikiwa binti. Nilitembea kurudi nyumbani chini ya miembe, nimemshika mkono, najiambia kwamba nimemsitiri. Kumbe nilimfungia mlango wa pili. Ndugu ambaye angefika mjini akaulizia shuleni mtoto wa jina la kwao asingempata kwenye daftari lolote.

Jambo hili katika mji wetu lina historia, na mimi niliifundisha. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: waliotoka Bagamoyo waliwasili hapa Unyanyembe, wengine wakaendelea magharibi kwenda Ujiji, wengine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi Kwihara, penye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na nikawasimulia habari za mtoto mmoja. Mwaka 1871, Stanley akiwa Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimpa mtoto wa kiume kama zawadi. Mtoto aliitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina hilo, akampa jingine, Kalulu. Akamchukua mpaka Uingereza, akavishwa nguo nzuri, akapigwa picha, akatiwa shule London. Mwaka 1873 Stanley akatoa riwaya kwa jina la mtoto huyo. Akarudi naye Afrika, na mwaka 1877 kijana akafa maji katika maporomoko ya Mto Kongo. Nilipofika hapo nilikuwa nawauliza wanafunzi: mama yake je? Wakati huu wote, mama yake alikuwa wapi? Darasa lilikuwa likinyamaza, nami nilijiona nimefundisha vizuri.

Nilikuwa na sababu ya karibu zaidi ya kujua. Bibi mzaa babu yangu aliletwa Tabora mtoto mdogo kutoka upande wa Manyema, akalelewa katika nyumba ya watu, akachukua jina la nyumba hiyo, akaolewa humo. Hawakumtesa, wazee walisema alipendwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922 alikuwa tayari ana watoto wakubwa na hakuwa na mahali pa kurudi, kwa maana hakukumbuka jina la kijiji wala la mama yake. Katika ukoo wetu, tukihesabu wazazi kwa upande huo, tunafika kwake na kukoma. Nimekulia katika nyumba yenye pengo hilo. Halafu nikalichonga pengo kama hilo katika maisha ya mtoto mwingine, nikaliita huruma.

Mjomba wa mtoto alikuja siku ya Jumapili. Mfanyabiashara wa kutoka Kaliua, aliyekuja kununua bidhaa sokoni, alikuwa amemwona mtoto niliyemlea, sasa ni binti, akiniletea kikapu, akamtazama usoni, akauliza watu, akaenda na habari. Mjomba alifuatana na mzee wa ukoo na mwenyekiti wetu wa mtaa, mpya, yule wa zamani ameshamaliza muda wake. Walikaa barazani. Hakupandisha sauti. Alitoa picha ya dada yake, kisha ya mama yao, na binti alipoleta maji niliona mwenyewe: paji la uso lilikuwa la yule bibi wa kwenye picha, na namna ya kuinamisha kichwa pia.

Mama yao, alisema, alikwenda polisi kuripoti binti yake na mjukuu wamepotea. Alikuwa akienda stesheni treni inapoingia, akiwauliza wanaoshuka. Alifanya hivyo mpaka miguu ilipokataa. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya siku ile. Amekufa hajui kwamba binti yake alikwisha kuzikwa Tabora, na hajui kwamba mjukuu wake yuko hai, anakula, anasoma, saa chache tu kutoka mlangoni kwake kwa gari. Mimi ndiye niliyekuwa na habari zote mbili.

Nimejaribu kutafuta maneno ya kupunguza uzito wa hilo, sijayapata, na sasa nimeacha kuyatafuta.

Safari hii nilikwenda ustawi. Nilitegemea kufokewa, pengine nilitaka nifokewe. Afisa alikuwa mwanamke kijana, akaniamkia "shikamoo Mwalimu", akafungua faili na kuanza kuuliza yale ambayo ilipaswa niulizwe mwanzo. Siku iliyopangwa akaja nyumbani. Nani wanaishi humu? Nani analala wapi? Mtoto analala na nani? Wageni gani huja, wanaume wangapi wamepanga uani, nini kinajulikana juu yao? Kipato chako ni pensheni na kodi ya vyumba; je, kinatosha ada ndogondogo, chakula, matibabu? Afya yako? Wanao wa kuzaa wanasemaje juu ya mtoto huyu? Ukifa kesho, atakuwa kwa nani? Swali hilo la mwisho lilinikuta sina jibu. Nilikuwa na umri wa kuanza kuhesabu miaka iliyobaki, na sikuwa nimepanga lolote. Kisheria mtoto yule hakuwa wa mtu yeyote.

Akauliza: "Ndugu zake uliwatafuta vipi?" Nikamweleza habari ya simu. Akaandika bila kuniangalia usoni, na nilishukuru kwamba hakuniangalia.

Halafu akaomba kuzungumza na binti peke yake. Mimi nilikaa ndani, wao wakakaa uani kwenye mkeka. Walikaa muda mrefu. Baadaye afisa aliniambia, kwa ruhusa ya binti, sehemu ya mazungumzo yao. Kulikuwa na mpangaji mmoja, ambaye alishahama, aliyekuwa akimwita chumbani kwake usiku ninapokuwa nimelala. Hakwenda. Alianza kuegemeza stuli kwenye mlango wa chumba chetu, nami nikadhani anaogopa paka. Kwa nini hakuniambia? Alimwambia afisa: "Niliogopa Mwalimu ataona namletea matatizo, anirudishe. Nami sikujua nitarudishwa wapi."

Nimeishi na watoto maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiria kwamba mtoto anayelelewa kwa hisani ya mtu mmoja hana wa kumshitakia mtu huyo, wala wa kumwambia yanayotokea chini ya paa la mtu huyo. Kumbe zile ziara za afisa nilizoziona ni ukaguzi wa jiko langu zilikuwa za mtoto. Angekuwapo mtu wa nje anayekuja, anayemjua kwa jina, anayemweka pembeni na kumuuliza anaishije, binti angekuwa na wa kumweleza. Ipo pia namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Nilikuwa nimeiona ukutani shuleni tena na tena, na sikumfundisha mtoto wa nyumbani kwangu.

Ndivyo nilivyoyaelewa masharti, kwa kuchelewa. Sharti la uadilifu niliona linanihusu mimi na sifa yangu, wakati linamhusu mtoto ambaye hawezi kuchagua mlango anaogonga. Sharti la kwamba afisa atafute kwanza ndugu niliona ni urasimu, wakati lingemfikishia bibi yule habari mapema, pengine ndani ya wiki chache, kwa sababu kituo cha polisi kilikuwa na ripoti yake na simu ilikuwa na namba za watu wake. Mwaka 2009, mwaka uleule Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Mtoto, Umoja wa Mataifa nao ulipitisha miongozo ya malezi mbadala, na yote mawili yanaanzia mahali pamoja: mtoto atafutiwe kwanza watu wake, na mlezi wa nje aje pale tu ambapo watu wake hawapo au hawawezi. Mimi nilijiweka mbele ya foleni.

Wapo watakaosema, na wamenieleza barazani, kwamba ningempeleka ustawi angeishia kwenye makao ya watoto. Huenda angelala huko kwa muda. Najua mapungufu ya ofisi zetu: maafisa wachache, kata kubwa, usafiri wa shida. Lakini hilo nalo nililitumia kama kisingizio, kwa sababu ningeweza kwenda ofisini nikasema: mtoto huyu niko tayari kukaa naye, nichunguzeni, na wakati mnanichunguza watafuteni wa kwao. Mjini mwetu wamo watu wa kutosha wenye vyumba na moyo wa kupokea watoto. Wakijiandikisha mapema na kuthibitishwa, afisa akipata mtoto usiku anajua mlango wa kugonga. Nawasihi wajitokeze. Wasisubiri mpangaji afe.

Kikao cha ukoo kilifanyika Kaliua. Afisa alikuwa ameshanieleza waziwazi kwamba ndugu wapo na haki ya kwanza ni yao, na mimi nikaketi nikijua naweza kurudi peke yangu. Binti aliulizwa anataka nini. Alisema anataka kumalizia shule Tabora na likizo zote awe kwa mjomba, na anataka kuoneshwa kaburi la bibi yake. Wakakubali. Kuhusu jina la shuleni, mjomba alisema lirudi la baba yake hata kama baba mwenyewe hajulikani aliko, na kazi hiyo ya viapo na barua naifuatilia mimi, kwa gharama yangu, kama ilivyo haki.

Kabla hatujaondoka binti alinivuta pembeni. Habari ya simu alikuwa ameijua kwa afisa. Akaniambia niwaambie mwenyewe, mbele ya wote, yeye akiwapo. Nikarudi barazani, nikasema. Nikasema na lile la kuomba isipokelewe.

Mjomba alikaa kimya kidogo. "Kaka" wa kwenye simu alikuwa yeye. Siku ile alikuwa kwenye shamba la tumbaku, simu ameiacha nyumbani. Aliporudi jioni akaona namba ya dada yake, akapiga, haipatikani. Alipiga kesho yake na siku zilizofuata. Kwa kuwa dada yake alikuwa na hasira na nyumba, walidhani amewazimia simu makusudi. "Mama alikufa akiamini hivyo," akasema. "Kwamba binti yake alimkatia simu." Akaongeza kwamba la kumlea mtoto ananishukuru, na la simu hatalisahau, na nisimwombe radhi mara ya pili.

Sijamwomba tena. Afisa huja Chemchem kumwona binti, humweka pembeni, nami hubaki ndani. Katika ziara ya mwisho alifungua faili na kuuliza lile swali la nikifa kesho. Nikamwambia aandike jina la mjomba, na namba yake ya simu, ambayo sasa naijua kwa kichwa.